Kimelika, Lakini Kimeliwa na Nini?

Wandugu wasomaji, liko neno moja ambalo limekuwa kama kufuli mdomoni mwa watu wanaonunua magari katika mji wetu wa Lubumbashi. Neno lenyewe ni "kulika". Mtu ananunua gari, anapewa karatasi ya garanti yenye muhuri, anaiweka pamoja na vyeti vya watoto. Miezi michache ikipita, kitu kinakufa ndani ya gari. Anarudi kwa muuzaji na karatasi yake mkononi. Kijana wa mezani anamjibu bila hata kufungua gari: "Hicho ni kipande cha kulika. Garanti haikihesabu." Mnunuzi anaikunja karatasi, analipa, anakwenda zake.

Mimi nasema asiende zake bado. Neno hilo lina ukweli nusu, na ile nusu ya pili ndiyo inayotutoa fedha mfukoni.

Kwanza nimpe muuzaji haki yake. Gari lina vipande vilivyotengenezwa ili vilike. Plaketi za freni hulika kwa kusugua, na zisiposugua gari halisimami. Sahani ya ambreyaje, mapine, mipira ya kufutia kioo, buji, filtre, vyote hivyo vina siku zao. Hakuna kiwanda duniani kitakachoahidi kukupa plaketi za bure maisha yako yote. Na sisi tunaendesha katika nchi gani? Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia mpaka ndani ya mifuko iliyoshonwa, na mvua zikija njia za Katuba na Ruashi zinakuwa mabwawa yenye mawe chini. Yuko dereva anayekaa kutwa mguu wake ukiegemea pedali ya ambreyaje, kama mtu anayejipumzisha juu ya kiti. Yuko anayepakia tani mbili katika pikapu ya tani moja, halafu anapanda nayo mlima akiimba. Hao wakimaliza ambreyaje kwa miezi sita, wasimtafute mtu wa kumlaumu.

Lakini kulika si sababu. Kulika ni jambo linaloonekana, na sababu iko nyuma yake. Mshumaa huisha kwa kuwaka, kweli, ila mshumaa uliowekwa mlangoni penye upepo huisha mapema, na hatusemi kwamba nta ndiyo yenye kosa. Muuzaji akisema "kimelika", amesema kitu ambacho mimi na wewe tumekwisha kukiona kwa macho. Bado hajajibu kimeliwa na nini.

Nitatoa mfano wa mwenzangu wa kazi, fundi wa umeme, baba wa watoto watano. Alinunua pikapu mpya kwa mkopo unaokatwa katika mshahara wake kila mwezi, kwa miezi 36. Shemeji yake aliiendesha kupeleka mahindi sokoni, na faida ilikuwa ya karo za shule. Gari lilipofika kilometa 11,000 ambreyaje ikaanza kuteleza: moteri inalia, gari halivuti. Garaji ya muuzaji ikasema kipande cha kulika, ikamwandikia fakitire iliyokaribia mishahara yake miwili. Mkopo haungoji. Karo hazingoji. Mwingine angalilipa siku ileile ili gari lirudi kazini.

Yeye aliomba jambo moja tu: kipande cha zamani apewe mkononi. Wakakataa kidogo, kisha wakampa. Alikuta sahani ya ambreyaje imelowa mafuta ya moteri. Wandugu mafundi watanielewa mara moja, na kwa wengine nitaeleza. Sahani hiyo inafanya kazi ikiwa kavu. Inabanwa kati ya vyuma viwili, na ule ukavu wake ndio unaoshika. Ikipakwa mafuta inateleza. Ikiteleza inapata moto. Ikipata moto inalika upesi sana. Sasa mafuta yalitoka wapi? Nyuma ya moteri, pale mhimili mkubwa unapotokea, pana jointi ya mviringo inayozuia mafuta yasipite. Jointi hiyo haipo katika orodha ya vipande vya kulika. Katika gari lenye kilometa 11,000 haina ruhusa ya kuvuja. Ikivuja, basi imewekwa vibaya au imetengenezwa vibaya, na ndiyo iliyoila ile sahani.

Aliandika barua, akaambatanisha picha za sahani na za ukuta wa ndani wa bwate uliolowa mafuta. Wiki saba alizungushwa. Mwisho garaji ikabadili jointi bila malipo, ikasamehe fedha ya kazi yote, na yeye akalipa nusu ya bei ya sahani. Hakupata yote, na mimi naona alistahili yote. Lakini kama angaliondoka na lile jibu la kwanza, angaliweka sahani mpya juu ya jointi ileile inayovuja, na baada ya miezi michache angalirudi na kulipa tena.

Mifano ya namna hii ni mingi, na kila mwenye gari anaweza kuichunguza mwenyewe. Plaketi za gurudumu la kushoto zimekwisha, za kulia bado nene: hapo mkono unaobana plaketi umekwama, na mkono ule si kipande cha kulika. Pine imelika ubavu wa ndani tu, ubavu wa nje bado mpya: magurudumu hayakuwekwa sawa, au fimbo inayoyashika imepinda. Ikiwa dereva aligonga shimo, ni lake. Ikiwa gari lilitoka dukani hivyo, si lake. Amotisere moja imelowa mafuta na tatu ni kavu, na zote nne zimepita njia moja, vumbi moja, mzigo mmoja. Kipande kinacholika kwa haki hulika sawasawa na ndugu zake. Kikiwatangulia mbali, kina jambo la kusema.

Nataka sasa niseme kitu ambacho wengi wetu tunakiona kila siku kazini bila kukitia maanani. Mimi ni karani katika magazini ya vipande vya mashine mgodini. Katika kazi yetu kila pine la lori kubwa lina namba yake na kitabu chake. Tunaandika siku lilipovalishwa, saa lilizofanya kazi, na kina cha meno yake kwa milimeta. Pine hizo hupita urefu wa mtu, na bei yake hata sitaki kuitaja. Linapopasuka kabla ya wakati wake, kampuni haikubali kuambiwa "pine hulika". Tunaandika dai. Mtu wa kiwanda anakuja, anapima meno yaliyobaki, anatafuta jiwe lilipopiga au mahali nyuzi za ndani zilipoachana. Ikionekana kosa ni la kiwanda, hesabu inafanywa: pine limetumika sehemu fulani ya maisha yake, sehemu iliyobaki inarudishwa kwa fedha au inapunguzwa katika bei ya pine jipya.

Basi mnaona. Kampuni ikinunua, kulika kunapimwa kwa milimeta. Mfanyakazi wa kampuni hiyohiyo akinunua kigari chake, kulika kunapimwa kwa mdomo wa kijana wa mezani. Sioni sababu ya haki inayotenganisha mambo haya mawili. Hesabu ni ileile. Ambreyaje ya gari linaloendeshwa vizuri hupita kwa kawaida kilometa 80,000. Ikifa katika 11,000 bila kosa la dereva, mnunuzi amekula karibu sehemu moja katika saba. Alipe hiyo moja kama watu wanataka kugawana. Kwa nini alipe saba?

Watu hunijibu: "Karani, kampuni ina waanasheria, sisi tuna nini?" Tuna sheria yenyewe, na haikuandikwa kwa kampuni peke yake. Ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ile ambayo mahakimu wetu huiita Kitabu cha Tatu cha Kodi Sivili. Iliwekwa zamani za Mfalme Leopold, miaka 22 kabla mji huu haujaanzishwa mwaka 1910, na hakuna babu yetu aliyeulizwa maoni yake. Hata hivyo inatumika hadi leo, na katika jambo hili imesimama upande wa mnunuzi. Inasema kwamba muuzaji hana budi kujibu kwa kasoro zilizofichika za kitu alichouza, ikiwa zinakifanya kisifae kwa kazi yake, au zinakipunguzia manufaa hata mnunuzi, kama angalizijua, asingalikinunua au angalitoa bei ndogo. Anajibu hata kama mwenyewe hakuzijua, isipokuwa walipatana kwamba hatajibu. Ikiwa alizijua akanyamaza, analipa pia hasara zilizofuata. Na mnunuzi anachagua: kurudisha kitu na kupewa fedha yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei.

Kwa hiyo mnunuzi ana garanti mbili, si moja. Ya kwanza ni ile ya karatasi ya duka. Ina mipaka yake: miaka, kilometa, kutengeneza gari katika garaji zao tu, na orodha ya vipande visivyohesabiwa. Ya pili ni ya sheria, nayo haina orodha ya vipande. Haiulizi kipande kinaitwaje. Inauliza kama kasoro ilikuwako siku ya kuuza na kama ilifichika machoni pa mnunuzi. Muuzaji akikufungia mlango wa kwanza, wa pili haujafungwa. Hapo soma karatasi uliyotia sahihi neno kwa neno. Kusema "plaketi na ambreyaje hazihesabiwi" si sawa na kusema "mnunuzi ameacha haki yake yote juu ya kasoro zilizofichika". Wauzaji hupenda tuyachanganye. Na kifungu cha 33 cha kitabu hichohicho kinasema mapatano ni sheria kwa waliopatana, tena yatimizwe kwa nia njema. Mimi sioni nia njema kwa mtu anayekataa bila kufungua gari.

Shida kubwa, wandugu, ni ushahidi. Hapa sitawadanganya. Kwetu mnunuzi ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba kasoro ilikuwako tangu mwanzo. Hata Ulaya jambo hili limewatesa watu. Mwaka 2004 mahakama kuu ya Ujerumani, huko Karlsruhe, ilihukumu shauri la gari lililonunuliwa likiwa limetumika. Moteri iliharibika baada ya miezi sita hivi kwa sababu mkanda wa ndani unaoendesha supape ulilegea. Mkaguzi alisema huenda mkanda ulikuwa na kosa, huenda pia dereva alibadili vitesi vibaya. Kwa kuwa haikujulikana ni lipi kati ya hayo mawili, mnunuzi akashindwa.

Kisha tarehe 4 Juni 2015 mahakama ya Umoja wa Ulaya, huko Luxembourg, ikasema maneno mengine katika shauri lililotoka Uholanzi. Gari lililotumika lilishika moto njiani kabla ya kumaliza miezi sita kwa mnunuzi. Mahakama ikaamua kwamba mnunuzi hana haja ya kuonyesha sababu ya kasoro. Yatosha aonyeshe kasoro iko na imetokea ndani ya muda ule. Baada ya hapo muuzaji ndiye wa kuonyesha kwamba haikutoka kwake. Mwaka 2016 Wajerumani nao wakafuata njia hiyo katika shauri la gari ambalo bwate yake haikufanya kazi sawasawa, wakaacha ile ya 2004. Na sheria ya Umoja huo ya mwaka 2019 iliufanya muda huo kuwa mwaka mmoja, na nchi ikitaka inaweza kuufanya miwili.

Hukumu hizo hazimfungi hakimu wa Lubumbashi, na sitaki mtu aende nazo mahakamani akidhani ni fimbo. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba hoja yetu si makelele ya maskini. Mahakimu wakubwa wameona kwamba anayejua gari ni muuzaji, na ndiye anayefaa kueleza. Majirani zetu Wazambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, walijitungia mwaka 2010 sheria ya kuwalinda wanunuzi, na wana tume inayopokea malalamiko yao. Wabunge wetu wanapita Kasumbalesa kama sisi. Waulizwe waliona nini.

Liko jambo lingine katika shauri lile la Uholanzi ambalo kwangu ni la thamani kuliko hukumu yenyewe. Lile gari lililoungua lilipelekwa mahali pa kuvunjia magari, na lilivunjwa kabla fundi yeyote hajalichunguza. Ushahidi wote ukawa vyuma chakavu. Kwetu jambo hili hutokea kila wiki. Garaji inafungua, inabadili, inatupa kipande cha zamani katika pipa, na pamoja nacho inatupa shauri lako. Kwa hiyo kipande cha zamani usikiache, hata kiwe kichafu namna gani. Kifunge katika mfuko, andika tarehe na kilometa. Kabla garaji haijafungua, piga picha ya saa ya kilometa. Wakati wa kufungua, uwepo wewe au fundi unayemwamini, na ikiwezekana awe mtu mwenye cheti, maana hakimu atauliza. Aandike alichokiona: kilipolika, upande gani, kama pana mafuta, kama ndugu zake wamelika sawa. Karatasi hiyo iwe na jina lake na sahihi.

Halafu barua. Usibishane kwa mdomo mezani. Mwenye meza hushinda pale. Andika kwa Kifaransa au mtafute mtoto wako wa sekondari akuandikie, maneno machache: nilinunua gari hili siku fulani, limekwenda kilometa kadha, kipande hiki kimekufa, mmekataa siku fulani, naomba mniandikie sababu ya kulika kwake, na kifungu cha garanti mnachokitegemea. Tengeneza kopi, na kwenye kopi hiyo mpokeaji aweke muhuri, tarehe na sahihi. Nimeona zaidi ya mara moja neno "kipande cha kulika" likitamkwa kwa mdomo bila taabu, na likakosa mtu wa kuliandika. Tena usikawie. Sheria inataka mwenye kudai kwa ajili ya kasoro zilizofichika adai katika muda mfupi, na kuupima ufupi huo ni kazi ya hakimu. Anayengoja mwaka mzima akitumaini huruma humpa mpinzani jawabu.

Ikiwa barua haikuzaa kitu, Lubumbashi tunayo Tribinali ya Biashara, na kwa madai madogo iko Tribinali ya Amani. Mlango gani ni wako, mwulize avoka; Baro ina ofisi ya mashauri ya bure kwa wasiojiweza. Lakini mashauri mengi ya namna hii hayafiki huko. Yanaishia kwenye barua ya pili, muuzaji anapoona kwamba mtu huyu ana kipande, ana picha, ana karatasi ya fundi.

Neno juu ya magari ya mitumba, maana wengi wetu hatununui mapya. Gari limetoka Japani, limeshuka Dar es Salaam, limepita Tunduma na Kasumbalesa, usukani uko upande wa kuume. Muuzaji anapiga bamba kwa kiganja na kusema: "Moteri na bwate, garanti mwezi mmoja." Garanti ya kiganja. Hapo kulika kuna nguvu zaidi, kwa kuwa ulijua kwamba unanunua kitu kilichotumika, na kilichoonekana siku ya kununua huwezi kukilalamikia baadaye. Lakini saa ya kilometa iliyorudishwa nyuma haikuonekana. Wala ufa wa moteri uliozibwa kwa gundi na kupakwa rangi. Hayo si kulika; hayo ni kuficha. Mwambie aandike ule mwezi mmoja juu ya fakitire, pamoja na kilometa zinazosomeka siku hiyo, kisha atie sahihi. Akikataa kuandika alichokisema dakika mbili zilizopita, mbele ya mkeo na fundi wako, umejua bei halisi ya gari lile.

Kwa wauzaji wenye maduka makubwa, ambao najua baadhi yao husoma ukurasa huu hata kama huupokea kwa mkono wa karani wao, ninalo ombi moja. Katika karatasi yenu ya garanti mmeandika orodha ya vipande vya kulika. Ongezeni safu moja pembeni: kila kipande, kilometa ngapi mnatazamia kidumu katika njia zetu, si katika njia za Ulaya. Kikifa kabla ya hapo, mkifungue mbele ya mwenyewe na mumwonyeshe kilichokila. Sisi katika magazini tunaandika hivyo kwa kila pine. Ni safu moja tu, na kalamu mnazo.